Mizani Yasema Uzito, Haisemi Shehena

Mtu akishinda siku moja Lunga Lunga, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Horohoro upande wa Tanzania, atajifunza jambo moja kuhusu mizani. Lori laweza kuwa limekwisha kupimwa uzito huko lilikotoka, na karatasi yake haina doa; hata hivyo ofisa wa forodha hatosheki. Hutaka kuona hati za mzigo, na akishuku huamrisha turubai lifunuliwe. Tani 20 za saruji na tani 20 za sukari ya magendo ni uzito mmoja mbele ya mizani, lakini mbele ya forodha si kitu kimoja hata kidogo.

Nimeanza na malori kwa kuwa miili yetu nayo siku hizi yapitishwa mizani, na wengi hawafunuliwi turubai. Ukienda zahanati hupandishwa mizani, husimamishwa ukutani upimwe kimo, kisha tarakimu moja huandikwa daftarini. Matabibu huiita tarakimu hiyo kwa herufi tatu za Kizungu, BMI, na maana yake ni uwiano wa uzito wa mtu na kimo chake. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la saba aiweza. Chukua uzito kwa kilo. Kimo chukua kwa mita, ukizidishe kwa chenyewe. Kisha gawanya kile cha kwanza kwa hiki cha pili. Mathalan mtu wa kilo 70 mwenye kimo cha mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 70 gawanya kwa 2.56 ni 27.3. Shirika la Afya Duniani limeweka madaraja. Aliye chini ya 18.5 ni mwembamba kuliko inavyofaa; tangu 18.5 mpaka kabla ya 25 ni sawa. Tangu 25 mpaka kabla ya 30 uzito umezidi. Na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Basi huyu wetu amezidi. Ataambiwa apunguze mwili, naye atarudi nyumbani na tarakimu yake.

Ndugu msomaji, hiyo safari ya kurudi nyumbani ndiyo inayonitia wasiwasi, maana huko nyumbani tarakimu ile yaenda kukutana na vipimo vingine, vikongwe kuliko hivyo vya zahanati.

Sisi watu wa pwani tuna mizani yetu, nayo ni ulimi. Mtu akitoka safari, salamu haijaisha ataambiwa, "Mashaallah, umenawiri!" Au ataulizwa kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona umekonda, una nini?" Mwanamke akiolewa, baada ya miezi michache macho ya mashangazi na makhaloo yote humtazama mwili: akinona, mume atunza, akikonda, mume ashutumiwa, hata kama maskini huyo alala na njaa ili mkewe ale. Kijana aliyekwenda Uarabuni akirudi bila kitambi, watu watanong'ona kwamba mambo hayakumwendea. Na tazama lugha yenyewe. Aliyejaza mwili tuna maneno ya kumtukuza: amenawiri, amenona, ana siha, ana haiba. Mwembamba tuna maneno ya kumcheka: kimbaumbau, ng'onda. Nimetumia miaka mingi katika utunzi na nikiyatazama mashairi ya sifa naona kuwa hata sisi watunzi tumechangia, kwani wembamba hatukuusifu ila wa kiuno, na hapo tena kwa sharti sehemu nyingine ziwe zimejaa.

Msiyaone haya kuwa ni ujinga. Katika nchi ambayo mvua zaweza kukosekana miaka miwili mfululizo, mwili ulio na akiba ulikuwa ni dalili ya ghala lenye kitu. Kisha likaja balaa la ukimwi. Kule Rakai nchini Uganda, mapema katika miaka ya 1980, kabla watu hawajaujua ugonjwa ulivyo, waliuita kwa jina la wembamba. Hofu ile ilishuka mpaka huku kwetu. Yuko mpaka leo mtu mzima atakayekataa kupunguza hata kilo tano, si kwa ulafi, bali kwa kuogopa watu watasema nini nyuma yake msikitini.

Kwa hiyo mambo mawili yakabiliana. Zahanati yasema unene ni hatari. Mtaa wasema wembamba ni maradhi. Na mimi nasema kuwa wote wawili, zahanati ikikomea kwenye tarakimu na mtaa ukikomea kwenye macho, wafanya kosa moja: wausoma mwili kwa nje.

Yafaa tujue kipimo hiki kilitoka wapi. Aliyekianzisha hakuwa tabibu. Adolphe Quetelet alikuwa Mbelgiji, mwanahesabu na mtazama nyota, aliyezaliwa 1796 na kufa 1874. Alitaka kumjua "mtu wa wastani", yaani akikusanya maelfu ya watu, yule wa katikati atakuwaje. Na katika kazi hiyo akagundua kuwa uzito wa watu wazima huongezeka takriban kwa kadiri ya kimo kinapozidishwa kwa chenyewe. Hakuwa akitafuta mgonjwa ni nani. Karne nzima na zaidi ikapita, makampuni ya bima ya maisha ya Marekani yakitumia majedwali yao ya uzito kuamua nani atozwe zaidi, hata mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipoichukua hesabu ile ya Mbelgiji na kuipa jina lililo nalo leo. Walikuwa wamewapima watu zaidi ya 7,000 wa Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Wote walikuwa wanaume. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja, na leo wanaopandishwa mizani zaidi katika zahanati zetu ni wanawake.

Sikusudii kusema kuwa kipimo ni cha uongo. Ukitaka kujua taifa lina hali gani, ni kipimo chepesi, hakina gharama, na katika watu elfu hukaribia ukweli. Uchunguzi wa Kenya wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika wanawake wa miaka 15 hadi 49, asilimia 33 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 45 katika wanawake wa miaka 20 hadi 49. (Marika hayo mawili hayalingani, kwa hivyo asije mtu akatoa moja katika jingine na kututangazia ongezeko.) Hata hivyo, nchi ambayo karibu nusu ya mama zake wamepita mstari ina jambo la kuzungumza, na tusijifiche nyuma ya makosa ya Mbelgiji.

Shida huanza tarakimu ya umma inapofanywa hukumu ya mtu mmoja. Hebu tuchukue watu wawili wa mpakani, wa kubuni, ila mfano wao hawakosekani. Mmoja ni hamali, ashusha na kupakia magunia tangu alfajiri. Ana kilo 88 na kimo cha mita 1.72. Hesabu yake ni 29.7, amebakisha kidogo tu aitwe mnene wa kupindukia. Mwingine ni wakala wa kutoa mizigo, akaa kitini mchana kutwa, chai ya maziwa kwa mahamri saa nne, soda saa sita, jioni viazi vya karai. Ana kilo 68 na kimo cha mita 1.70. Hesabu yake ni 23.5, na daftari lamsifu. Lakini mfunue kanzu: mikono myembamba, miguu myembamba, na kitambi kinachotangulia mbele, sentimita 98 kiunoni. Hamali uzito wake ni misuli. Wakala uzito wake umejikusanya ndani, katika mafuta yanayozunguka ini na matumbo, na hayo ndiyo yanayomwita kisukari na presha. Mizani imemtisha asiyestahili kutishwa na kumbembeleza aliye hatarini. Huyu wa pili ndiye ninayemhofia zaidi, maana ametoka zahanati akiwa na furaha.

Hapo sijamtaja mjamzito, ambaye hesabu hii haimhusu kabisa. Wala mtoto, ambaye ana majedwali yake kwa umri wake. Wala mzee, ambaye misuli yake yayeyuka na mafuta yakachukua nafasi, mizani isishtuke.

Sasa tutoke kidogo kwenye njia kuu tuingie bara ya jimbo hili la Lunga Lunga, upande wa Mwereni, maana huku sura ya pili ya jambo hili huonekana wazi. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2022 uliozikumba kaunti kame za Kenya, Kwale ikiwamo, haukuwauliza watu kuhusu unene. Huko kipimo kinachojulikana ni utepe wa rangi unaozungushwa mkono wa mtoto mdogo: ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na mtoto apelekwe mbio. Msomaji aweza kudhani kuwa njaa ya Mwereni na kitambi cha mpakani ni habari mbili zisizojuana. La. Twaweza kuzikuta katika nyumba moja, mama mnene na mtoto aliyedumaa wakila sufuria moja, kwani ugali mtupu, chai ya sukari na mafuta ya kupikia humshibisha mtu bila ya kumjenga. Mkubwa humnenepesha na mdogo hampi cha kukulia. Tena ziko habari za mbali zaidi. Tabibu wa Uingereza David Barker, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kuwa waliozaliwa na uzito mdogo hupatikana na maradhi ya moyo zaidi wakiwa watu wazima. Na baadaye kisukari nacho kikaonekana kufuata njia hiyo hiyo. Mwili ulioonja njaa tumboni mwa mama hujifunza kuweka akiba, na siku za shibe zikija huweka bila ya kipimo. Mtoto aliyezaliwa katika ukame ule, miaka 30 ijayo akiwa karani hapo mpakani, aweza kuwa yule wakala wetu wa 23.5.

Na shibe yenyewe imebadilika. Muhogo, kunde, kisamvu, mchicha na samaki havikutoweka, lakini vimeanza kuonekana ni chakula cha asiyekuwa nacho. Chapati na chipsi ndizo heshima. Kazi ya miguu nayo imepungua: tangu mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo, bodaboda zimemiminika hata vichochoroni, na umbali ambao mtu alikuwa akienda kwa miguu huku akisalimia majirani, leo aukalia kitako. Bodaboda imewaokoa wajawazito wengi usiku, wala siilaumu. Nasema tu kuwa imechukua kitu na hatukukirudisha kwa njia nyingine. Mwezi wa Ramadhani, ambao ungekuwa wa kulipumzisha tumbo, wengi hutoka nao wamezidi kilo, kwa tambi, kaimati na vikaango vinavyorundikwa mbele ya futari kana kwamba magharibi ndiyo ya mwisho duniani. Ile hadithi aliyoipokea Tirmidhi ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, twaisikia kila mwaka juu ya mimbari, na fungu la pumzi ndilo tunalolidhulumu.

Hebu sasa tuje penye uzito wa jambo. Mwaka 2015 Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa wa maradhi yasiyoambukiza kwa watu wazima. Takriban mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha. Lakini zaidi ya nusu ya watu hawakuwahi kupimwa presha maishani mwao, na karibu watu 9 kati ya 10 hawakuwahi kupimwa sukari. Haya ndiyo yanayotuua kimya kimya. Utasikia fulani alikuwa mzima, kaswali isha, kalala, hakuamka. Au fulani kaanguka bafuni, upande mmoja umepooza. Twasema ni kudura, na kudura ni haki. Lakini mtu yule hakuwahi kufungwa kile kitambaa cha presha mkononi hata mara moja. Mizani iko kila zahanati kwa kuwa ni rahisi. Kipande cha kupimia sukari hutumika mara moja kikatupwa, chagharimu pesa. Hofu yangu ni kwamba tarakimu ya bei rahisi yaweza kukaa mahali pa vipimo vya ghali, na daftari likaonekana limejaa ilhali maradhi hayakutafutwa.

Wataalamu wenyewe wamekwisha kuliona jambo hili. Mwezi Januari 2025 jopo la wataalamu zaidi ya 50 kutoka nchi mbalimbali, likiongozwa na Francesco Rubino wa King's College London, lilitoa rai kwamba unene usihukumiwe kama maradhi kwa BMI peke yake. Litazamwe kwanza kama mafuta kweli yamezidi, kwa kupima kiuno au kwa chombo cha kupimia mafuta. Kisha litazamwe kama mafuta hayo yamekwisha kukidhuru kiungo chochote. Aliyezidi bila ya kudhurika yuko hatarini, afuatwe na kuangaliwa; aliyedhurika ni mgonjwa, atibiwe kama wagonjwa wengine. Ni mgawanyo wa busara. Tangu mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu imewateremshia mstari watu wenye asili ya Bara Hindi, Uchina, Uarabuni na Afrika: kwao 23 ni kuzidi na 27.5 ni unene wa kupindukia, kwa kuwa kisukari huwafikia mapema kuliko Wazungu. Pwani yetu ina damu za asili hizo karibu zote, mara nyingine katika nyumba moja. Lakini mstari ule umechorwa kwa Waafrika wanaoishi Uingereza, chakula chao na kazi zao si za Kikoneni wala Vanga. Ningependa wetu uchorwe na wetu.

Wakati huo huo kuna kipimo kisichohitaji hesabu wala mashine, na miongozo hiyo ya Uingereza nayo imekipendekeza. Kiuno cha mtu kisifike nusu ya kimo chake. Mwenye kimo cha sentimita 160, kiuno kiwe chini ya 80. Mwenye 170, chini ya 85. Utepe upite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, juu ya ngozi au nguo nyepesi. Wanaume wenzangu wasitoe saizi ya suruali kama ushahidi, maana tunajuana: kitambi kinapokua, mkanda huteremka chini yake, na mtu akaapa kuwa avaa saizi ile ile aliyoolea. Kanzu nayo ni sitara kwa kitambi kama baibui ilivyo sitara kwa mama.

Nikitaja sitara, nigusie neno ambalo haliandikwi katika miongozo. Mama wa makamo aliyepandishwa mizani mbele ya foleni, kilo zake zikatajwa kwa sauti, vijana wakacheka, hatarudi tena, na presha yake itabaki bila kupimwa. Pazia moja na sauti ya chini ni sehemu ya matibabu. Na wanaocheka wakumbuke kisa cha Abdullah bin Mas'ud, aliyepanda mti wa mswaki, upepo ukamfunua miundi yake myembamba, maswahaba wakacheka, Mtume s.a.w. akawaeleza kuwa miundi ile katika mizani ya Mwenyezi Mungu ni mizito kuliko jabali la Uhud. Kisa ni cha mwembamba, lakini mnene nacho chamhusu.

Mwezi Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini Kenya, na katika mikoba yao mna mizani, chombo cha presha, chombo cha sukari na ule utepe wa mkono wa mtoto. Wako hata huku kusini. Huu ni mlango mzuri kuliko tuliowahi kuupata, mradi vipande vya kupimia sukari visikatike, na mradi akishapatikana mtu wa Mwereni mwenye sukari ya kutisha, pawe na dawa karibu naye kabla ya kuambiwa aende Msambweni. Hayo ni maswali ya kuwauliza wawakilishi wa wadi wanapopitisha bajeti ya kaunti. Mhudumu akija kwako, usikubali akuandike kilo peke yake. Mwambie afungue mkoba wote, apime presha, apime sukari, azungushe na utepe kiunoni.

Na ikiwa mhudumu hajafika kwenu, mafundi cherehani wa Lunga Lunga wamekuwa wakitupima viuno kila Idi. Wengi wao wana daftari la vipimo vya wateja, na la miaka kumi nyuma huenda bado limo kabatini.